Bibi Salme wa Unguja: Tajiri Utotoni, Mjane Ugenini



Katika mafundisho ya wachumba ninayotoa huku kwetu kuna somo moja ambalo kila mara huleta ukimya. Nikigusia mahari, watu wanacheka. Nikigusia wakwe, wanaguna. Lakini nikiuliza ni nani kati yao amekwisha kumwonyesha mwenzake mali yake iko wapi, na itakwenda kwa nani siku atakapofumba macho, wote hutazama sakafuni. Wanaona kama ninawaombea mauti. Hapa Bungoma, na kule Kitale vilevile, wako wengi wanaoamini kwamba mtu akiandika wasia amejichimbia kaburi.

Basi mwezi huu nimeliacha lile somo. Nitawasimulia maisha ya mama mmoja wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliyefariki zamani, na ambaye jina lake linajulikana hadi Ulaya. Alizaliwa katika jumba la mfalme. Alirithi kwa baba yake, akarithi kwa mama yake, kisha akatumia nusu ya maisha yake akidai urithi. Bwana na bibi wasome pamoja jioni watoto wakishalala.

Huyu ni Salme binti Said, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, yule aliyeeneza kilimo cha karafuu visiwani. Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkezi kutoka nchi za milima ya Kaukazi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo akauzwa, na mwishowe akafikishwa nyumbani mwa Sultani. Hakuwa mke wa ndoa. Alikuwa suria, na katika nyumba ile masuria walikuwa wengi. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, Mtoni peke yake ilikaliwa na watu zaidi ya elfu moja, pamoja na watumishi na watumwa.

Wanaume wanaosoma ukurasa huu na kutamani nyumba kubwa ya namna hiyo, nawaomba wangoje kidogo waone mwisho wake.

Salme alikuwa mtoto mwenye akili na ukaidi. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika hapana. Yeye alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia. Huo ukaidi wa kalamu utamfikisha mbali, kwa heri na kwa shari.

Mwaka 1854 Seyyid Said alisafiri kwenda Omani kutengeneza mambo ya huko. Alikaa zaidi ya miaka miwili. Watoto wake wa Unguja walizoea kuiangalia bahari wakingojea tanga lake. Tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa njiani kurudi, alifariki ndani ya meli karibu na visiwa vya Shelisheli. Inasemekana alikuwa amebeba mbao za jeneza katika safari hiyo, kana kwamba alijua. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye melini, aliileta maiti Unguja, akaizika usiku bila kuwaambia ndugu zake, akajaribu kuushika utawala kabla hawajaamka. Hakufaulu. Ndugu yake Majid ndiye aliyeshika Unguja, na kaka yao Thuwaini akabaki na Omani.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Mzee ametawala karibu miaka 50. Ameacha watoto 36 walio hai, kwa hesabu ya Salme, wa kiume 18 na wa kike 18, tena wa mama mbalimbali. Kaburi lake halijapoa na tayari wana wanaviziana usiku. Mbao za jeneza alizibeba. Lakini jambo la nani atawale nini hakulifunga kwa namna ambayo watoto wote wangeikubali. Thuwaini alidai Unguja nayo ni yake, akatayarisha merikebu za kuja kupigana. Ilibidi wageni waingilie. Mwaka 1861 Lord Canning, mwakilishi wa malkia wa Uingereza kule Bara Hindi, aliamua kwamba nchi zigawanywe, na Unguja iilipe Omani reale 40,000 kila mwaka, maana Unguja ndiyo iliyokuwa tajiri zaidi. Wana wa baba mmoja wamegombana, na anayewagawia ni mgeni aliyekaa Calcutta. Mara ngapi tumeona ndugu wa hapa kwetu, wenye ekari tano tu, wakigawiwa na hakimu ambaye hajawahi kulikanyaga shamba lao?

Mali ya nyumbani, yaani mashamba, nyumba na fedha, haikuleta matata makubwa kama ya kiti. Sababu ni nyepesi. Sheria ya Kiislamu imeweka mafungu ya urithi wazi tangu zamani: mwana wa kiume apate mafungu mawili ya binti, mke aliye na mume mwenye watoto apate thumni, na kadhalika. Watu wanaweza kulalamikia fungu, lakini hakuna anayeuliza fungu ni lipi. Salme alikuwa na miaka 12 tu, naye akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa shamba lenye nyumba yake, na fedha iliyofikia paundi 5,429. Mtoto wa darasa la sita wa kwetu! Ndugu zake wa kike wakapata vivyo hivyo. Nawataja mabinti makusudi, kwa kuwa katika vigango vyetu bado ninakutana na wazee wanaosema binti hana fungu kwa baba yake, maana ataolewa.

Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua watu wengi, na mmojawapo alikuwa Jilfidan. Salme akarithi mashamba matatu ya mama yake. Sasa ni msichana wa miaka 15, yatima wa pande zote, tajiri, anayejua kuandika, na hana mtu wa kumshauri.

Hapo ndipo Barghash alipomkuta. Alikuwa bado anakitaka kiti cha Majid, akawavuta dada zake kadhaa upande wake, hasa Khole, ambaye Salme alimpenda kupita kiasi. Kwa kuwa Salme alijua kalamu, akafanywa mwandishi wa waasi. Barua za kuagiza silaha na kuwaita wakubwa wa makabila zilitoka mkononi mwake. Mpango ulipogunduliwa, Barghash alizingirwa nyumbani kwake, na dada zake wakamtorosha usiku akiwa amejifunika mavazi ya kike. Akapigana shambani, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili hivi.

Majid hakumwadhibu Salme. Angeweza, lakini hakumtia kifungoni wala hakumnyang'anya mashamba yake. Salme alijitenga mashambani, kwanza Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari, na katika kitabu chake anaitaja miaka hiyo kwa furaha, yeye na wanyama wake na watumishi wake. Baadaye Majid aliomba nyumba ile ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Uingereza. Salme akakubali, akarudi mjini, akapatana na Majid. Kwa kosa hilo la kupatana, Khole na Barghash hawakumsamehe tena. Nimeona haya katika koo zetu: ndugu wawili wakigombana, anayesalimiana na wote wawili ndiye huonekana msaliti.

Nyumba aliyohamia mjini ilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Paa zilitazamana na njia ilikuwa nyembamba. Urafiki ukaanza kwa maneno ya dirishani, ukaendelea mpaka Salme akashika mimba. Mimi ni katekista na siwezi kulipamba jambo hili. Walitangulia mahali ambapo walipaswa kuchelewa, nao walijua. Hata hivyo, nataka mtambue walivyofanya baadaye, maana vijana wengi siku hizi wakifika hapo, mmoja hupotea. Bwana Ruete hakupotea.

Kwa binti wa Sultani, hali ile ilikuwa ya hatari ya kufa. Wazungu wa pale mjini wakamsaidia kupanga kuondoka. Tarehe 24 Agosti 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, wakati wanawake wa Unguja wana desturi ya kwenda kuoga baharini, Salme naye alishuka ufukweni na watumishi wake kana kwamba anakwenda kuoga. Mashua ilikuwa inamngoja. Akapandishwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Aden. Alikuwa na miaka 21.

Ruete alibaki Unguja miezi mingi akifunga hesabu za biashara yake. Salme akamngoja Aden, akajifungua huko mtoto wa kiume mwezi Desemba 1866. Bwana alipowasili, tarehe 30 Mei 1867, Salme alibatizwa katika kanisa la Kianglikana, akapewa jina Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Kisha wakaanza safari ya Ulaya. Yule mtoto, Heinrich, alifariki njiani, wakiwa katika nchi ya Ufaransa. Basi mama huyu aliingia mji wa mumewe akiwa bibi harusi mpya, mwenye maombolezo, asiyejua lugha, na asiyejua baridi ni nini.

Mashamba je? Kwa sheria ya Kiislamu, tofauti ya dini inazuia kurithiana. Tangu siku ile ya ubatizo mlango wa urithi wa ndugu zake wa Unguja ulikuwa umefungwa. Sijui kama walipokaa Aden mtu yeyote aliwaeleza jambo hilo kwa utulivu. Majid, kwa upole wake, hakumfuata dada yake kwa kisasi, wala hakumsumbua Ruete alipobaki nyuma. Lakini upole wa mtu mmoja si hati. Mtu hufa, na upole wake huzikwa naye.

Hamburg waliishi kwa mapendano. Binti, Antonie, alizaliwa Machi 1868. Mwana, Rudolph Said, akazaliwa Aprili 1869, na angalieni jina la babu yake lilivyovuka bahari. Kitinda mimba, Rosalie, alizaliwa Aprili 1870. Mume alikuwa kila kitu kwa mke wake: mkalimani, mhasibu na mlinzi. Alilipa, akanunua, akatia sahihi. Mke hakuwa na haja ya kujua.

Tarehe 3 Agosti 1870 Bwana Ruete aliangukia chini ya tramu ya farasi barabarani. Alikaa siku tatu akafariki. Ndoa yao ilikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili, mdogo hajaanza kutambaa, na nchi imeingia vitani na Ufaransa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Majid naye akafariki Unguja, na Barghash, yule ambaye hakusamehe, akakalia kiti.

Wapenzi wasomaji, hapa nataka tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo hadithi ya binti Sultani inapokuwa hadithi ya mjane wa Kimilili au Kiminini.

Sheria ya Hamburg ya siku zile haikumwacha mjane asimamie mwenyewe mali ya marehemu mumewe. Waliwekwa wanaume wa kusimamia mali na mambo ya watoto. Yule msichana aliyemiliki shamba akiwa na miaka 12, aliyeendesha mashamba ya Kizimbani na Bububu kwa amri yake, sasa alikuwa mtu wa kuomba fedha ya nyumbani kutoka kwa wasimamizi. Sehemu kubwa ya mali ikapotea mikononi mwa wengine. Hakujua lugha vya kutosha kuuliza maswali, na aliyemtafsiria ulimwengu alikuwa kaburini. Akahama Hamburg, akaenda miji mingine ambako maisha yalikuwa rahisi zaidi, Dresden, Rudolstadt, kisha Berlin, akifundisha Kiarabu ili watoto wasome.

Bwana Ruete hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda. Alikuwa na umri wa miaka 31 tu, na mtu wa miaka 31 hafikirii tramu. Lakini najiuliza, katika jioni zote zile za Hamburg, hawangepata moja ya kukaa mezani, mume akamwonyesha mkewe: hizi ni hesabu, huyu ananidai, huyu namdai, huyu umwamini, yule usimwamini?

Nami nina sababu yangu ya kuuliza. Baba yangu alikuwa na shamba upande wa Trans Nzoia, alilopata kwa hisa za kununua mashamba ya walowezi. Alipougua alimwita mzee mmoja wa ukoo, akamwambia kwa mdomo jinsi ya kugawa. Akapona. Akaishi mwaka mmoja zaidi, kisha akafa ghafla. Siku ya kunyoa nywele yule mzee alisimama akasema maneno ambayo mama yangu hakuyatambua, na hakuna aliyeweza kumpinga, kwa kuwa alikuwa peke yake siku ile ya kitandani. Miaka saba tulipanda mahindi kwa macho ya kuangaliana. Baadaye nilipojifunza sheria kidogo nikaona kwamba yale maneno hayakuwa na nguvu hata chembe. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema wasia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, tena mtu afe ndani ya miezi mitatu tangu kuusema. Baba alikuwa na shahidi mmoja na alikaa mwaka.

Wasia wa kuandika hauna muda wa kuisha. Unatakiwa kutiwa sahihi, au kidole, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, maana fungu lake laweza kubatilika, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasiorithi. Mke naye anaweza kuandika wake juu ya mali yake, haombi ruhusa kwa mtu. Wachumba nao wajue kwamba kufunga ndoa hufuta wasia ulioandikwa kabla, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyohiyo. Asipoandika mtu kitu chochote, sheria ya Kenya haifanani na ile ya Hamburg: mjane ndiye hutazamwa kwanza na korti katika kutoa usimamizi wa mirathi, na watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume, mwenye ndoa kwa asiye na ndoa. Ndugu zetu Waislamu wana sheria yao ya mirathi na makadhi wao. Na yule shemeji anayekuja na kufuli jipya siku ya tatu ya matanga, akafunga ghala la mahindi, ajue kwamba kujiingiza katika mali ya marehemu bila ruhusa ya sheria ni kosa la kufungwa.

Msidhani kwamba wasia wenyewe huondoa masikitiko yote. Mliosoma sekondari mnamjua Shakespeare wa Uingereza, ambaye tamthilia zake mbili Mwalimu Nyerere alizitia katika Kiswahili. Huyo alikuwa mtoto wa fundi wa kushona glavu. Alitengeneza wasia wake Machi 1616, mwezi mmoja kabla ya kufa. Sehemu kubwa alimwachia binti yake mkubwa, Susanna, na mkewe Anne akatajwa kwa kitanda, tena si kile bora cha nyumbani, bali cha pili yake. Hadi leo wataalamu wanabishana kama alimtukana au alimkumbuka kwa mapenzi. Mimi sijui, ila natambua kwamba hakuna aliyegombania kitanda kile ni cha nani.

Turudi kwa mjane wetu. Mwaka 1875 Sultani Barghash alialikwa London. Salme aliposikia, alijifunga, akajifunza Kiingereza cha haraka, akavuka bahari kwenda kumwona kaka yake na kumwomba wapatane. Waingereza hawakutaka mgeni wao asumbuliwe. Bwana mkubwa mmoja wa serikali, Sir Bartle Frere, akamwendea na neno tamu: aache kumtafuta kaka yake, na serikali itawaangalia watoto wake. Mama akafikiri juu ya watoto, akakubali, akarudi Ujerumani bila kumwona. Barghash alipokwisha kuondoka, serikali ikajibu kwamba haiwezi kufanya lolote, kwa kuwa yeye ni raia wa Ujerumani. Ahadi ilikuwa ya maneno. Yule mwandishi wa waasi, aliyejua nguvu ya kalamu akiwa na miaka 15, alipokea ahadi ya maneno akiwa na miaka 30. Shida humfanya mtu asahau anachokijua.

Miaka kumi baadaye Wajerumani wakaanza kuitaka Afrika Mashariki. Bismarck akaona faida ya kuwa na dada wa Sultani upande wake. Agosti 1885 merikebu za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Salme akaja kwa meli ya Kijerumani pamoja na watoto wake. Ilikuwa miaka 19 tangu usiku ule wa Siku ya Mwaka. Watu wa mjini wakamfuata njiani wakimsalimu na kumwita Bibi, wengine wakilia. Kaka yake alikaa jumbani, hatua chache tu, asitake kumwona. Salme alidai mafungu yake katika urithi wa ndugu waliofariki wakati yeye yuko mbali. Barghash akasema hana dada. Kuna fedha kidogo iliyotolewa kama kumnyamazisha; akaikataa. Na Wajerumani walipopata walichokitaka kwa Sultani, habari ya urithi wa Bibi ikawekwa kando. Barghash akafariki Machi 1888, ndugu yao Khalifa akashika kiti, Salme akaja mara ya pili mwaka huohuo, na mara ya pili akaondoka mikono mitupu.

Nimelifikiria sana jambo la Barghash. Kwa upande wa dini yake alikuwa na sheria mkononi, hilo lazima tuseme kwa haki. Lakini huyu dada ndiye aliyemwandikia barua zake. Dada zake ndio waliomvika mavazi ya kike akaponea. Sheria ilimkataza kumpa fungu la mirathi; haikumkataza kumpa kikombe cha maji. Na sisi Wakatoliki tusinyoshe kidole haraka. Mapadre wetu wa kwanza walifika Unguja toka kisiwa cha Réunion mwaka 1860, enzi ya yuleyule Majid, na wakakaribishwa na watawala Waislamu. Huku kwetu nimewaona wazazi Wakristu waliomfukuza binti asichukue hata sufuria, kisa ameolewa na mtu wa dhehebu jingine.

Mwaka 1886 Salme alikuwa ametoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na ndicho kilichomfanya ajulikane duniani. Aliandika, anavyosema mwenyewe, kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao ametoka wapi. Hakuwa na shamba la kuwaachia. Aliwaachia habari za Mtoni, za babu yao, za nyanya yao Jilfidan. Baada ya safari ile ya 1888 hakutaka kurudi Ujerumani mara moja. Alikaa Jaffa, kisha Beirut, mpaka mwaka 1914, karibu na lugha ya Kiarabu aliyoizoea tangu utoto. Vita vikuu vilipoanza alikuwa amerudi kwa watoto wake Ujerumani.

Mwanawe Rudolph Said hakuacha kuandika barua kwa wakubwa, na miaka ya mwisho kabisa serikali ya Unguja, ikiwa chini ya Waingereza, ikamkubalia bibi kizee posho ndogo ya mwaka. Zaidi ya miaka 50 tangu kifo cha mumewe! Mwana huyo huyo alichapisha mwaka 1929 kitabu cha maisha ya babu yake Seyyid Said, na mwaka 1932 Sultani Khalifa bin Harub akamtambua kama mtu wa jamaa ya Sultani. Kile walichomnyima mama, mjukuu wa Seyyid Said alikipata kwa heshima, ingawa mama hakuwapo tena kukiona.

Salme binti Said, Bibi Emily Ruete, alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Alikuwa mjane kwa miaka 53 na hakuolewa tena. Majivu yake yalipelekwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, yakawekwa katika kaburi la jamaa ya mumewe. Kati ya vitu vyake watoto walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa ufuko wa Unguja, alioutunza miaka yote hiyo. Wakamzika nao.